Kituo cha Kumi na Mbili

Wanasema perere alikosa mkia kwa kutuma.
Siku ya mgao kulinyesha, akajikunyata pangoni,
akamwambia jirani: "Ukifika, nichukulie na wangu."
Jirani akarudi na wake tu, anautikisa.
Hadi leo perere hupanda mtambara makalio matupu,
na usiku hulia. Bibi alisema: anadai.

Tuko Amani, juu ya mashamba ya chai,
ukungu umeingia hadi ndani ya daftari.
Mtafiti wetu, Zahabu Mnkande, ana buti moja inayovuja
na saa iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Vituo kumi na vinne. Dakika kumi kila kimoja,
taa zimezimwa, mdomo umefungwa.
Anaanza mmoja: krrr, mlango wa ghala usiotiwa mafuta,
krrr, krrr, sauti inapanda, inapanda,
hadi udhani kuna mtu ananyongwa kileleni.
Unaandika saa, upande, hatua kwa kukisia.
Humwoni.
Miezi minane nimemwona mara moja,
macho mawili na kicheko cha majani.

Mchana tunatafuta choo chake
chini ya msambu wenye tundu.
Mjomba hunicheka: "Kidato cha nne chote kile, uje uhesabu mavi?"
Nahesabu. Mia mbili na kumi na saba,
ya leo yanang'aa.

Kituo cha kumi na mbili kiko ng'ambo ya kijito,
pale iliki zinapoishia.
Usiku ule mvua; Zahabu ana homa, akanituma.
Nilifika cha kumi na moja, nikasimama,
nikaandika bila kuvuka:
*12. Watatu.*

Atakayesema uvivu, namwachia aseme.
Lakini waya za ng'ambo ile
zilisokotwa na baba yangu, nami nilishika tochi.
Ngozi zilikaukia juu ya jiko letu,
zikawa sare, zikawa ada, zikawa kalamu hii.
Nilijua kabla ya fomu na ramani
kwamba pale hakuna aliyebaki wa kulia.
Watatu niliowaandika
walikuwa wa utoto wangu.

Wiki ya pili alivuka mwenyewe.
Alirudi, akaketi kwenye gogo, akamwaga maji ya buti.
"Kimya," akasema. "Shemhilu, wale watatu
walilia upande gani?"
Nikatazama buti.
"Sifuri nayo ina makao," akasema, "ina tarehe.
Ukiificha, nani atajua msitu ulipotobokea?"
Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nikawakata watatu kwa mstari mmoja tu,
kosa libaki linasomeka, ndiyo kanuni,
nikaandika sifuri na jina langu pembeni.
Kulipokucha nikampeleka kwenye waya.
Arobaini na moja.
Mmoja ulikuwa umemezwa na gome, mti umeota juu yake.
Tulivuta mpaka viganja vikachubuka,
tukauacha.

Sasa sitangulizi mtu.
Jana, kituo cha kumi na mbili, dakika ya tisa:
krr.
Fupi. Haikupanda.
Huenda tawi limesugua tawi. Huenda tumbo langu.
Sauti isiyo na hakika haihesabiwi.
Nimeandika sifuri.
Kisha nikabaki gizani dakika kumi nyingine,
zile ambazo kwenye fomu
hazina mahali.