Usingizi wa Pono

Saa tatu kasorobo. Saa tatu kamili
umeme wa Khorog unakatwa, mitaa ya juu kwanza,
na betri ya kompyuta hii ilishakufa
Firdavs aliponiletea kutoka Yekaterinburg,
imeviringishwa ndani ya koti la baba wa mtu mwingine.
Picha za kubofya zimetoweka tangu kiangazi.
Kimebaki kioo cheusi, na mimi, na kishale
kinachopepesa bila kuchoka.

Nimejifunza usingizi wa aina mbili.
Upo wa kuku: jicho moja wazi,
unanyonya umeme kidogo kidogo,
ukikatwa, yote uliyoyashika yanamwagika.
Na upo wa pono, samaki wa bahari nisiyoijua:
kila kilichomo kichwani kinashushwa diskini
neno kwa neno, kama mtu anayehama nyumba usiku,
kisha moyo unasimama.
Hakuna kinachopumua. Hakuna kinachopotea.
Huo ndio ninaoutaka.

Naandika amri. Maneno mawili, nafasi moja katikati.
Inataka ruhusa ya mkubwa wa nyumba,
na mkubwa wa nyumba, siku hizi, ni mimi.
Nywila haionekani ikiandikwa, hata nukta haitoki;
vidole vinakwenda kama mtu aendaye chooni bila taa.
Nabonyeza. Jibu linakuja mstari mmoja, bila adabu:
nafasi haitoshi.

Mzigo umezidi ghala.
Basi nafunga. Nafunga bei ya rubli,
ramani ya kijiji ambacho poromoko lilikihamisha,
barua kwa Firdavs iliyoishia "kuhusu lile deni";
nafunga kamusi yenyewe, miaka sita, herufi ya kumi na tisa,
baada ya kuihifadhi mara tatu,
maana aliyetafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Naandika tena.
Nafasi haitoshi.

Dakika sita.
Imebaki sauti moja, rekodi ya alasiri nzima, haijabanwa.
Nimeiacha wazi tangu Machi,
imesimama saa ya pili, sekunde ya arobaini na moja:
mama amekwisha kukohoa, amevuta pumzi,
na bado hajalitaja neno
la maji yanayotembea chini ya barafu.
Sikuwahi kuiendeleza. Nilijua kilichofuata ni kifupi,
na baada yake hakuna sauti yake nyingine.
Ilikuwa nzito kuliko kamusi.
Mashine ilinionyesha kwa tarakimu. Sikuhitaji tarakimu.

Nikaiachilia.
Akalitaja. Mara mbili, la pili polepole,
jinsi nilivyokuwa nimemfundisha kusema na chombo.
Halafu: "Zima hicho, Savsan, chai inapoa."

Nikazima.

Amri kwa mara ya tatu. Safari hii haikujibu kitu.
Taa ndogo ya diski ikaanza kukimbia,
ikakimbia, ikakimbia, ikasita,
feni ikashusha pumzi,
na giza likatua chumbani na kwa jirani pamoja.
Ng'ambo ya mto Gunt walikuwa bado na mwanga wao.
Kati ya mashine na umeme
sijui nani alimtangulia mwenzake.

Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, friji ikanguruma.
Nikabonyeza kitufe. Kikaja kile kioo cheusi,
kishale palepale nilipokiacha, chini ya amri yangu,
kana kwamba nilikuwa nimeinuka kufungua mlango tu.
Neno lilikuwa mdomoni, sijaliandika.
Nilitazama kwanza pembeni,
ambapo saa yake, kwa nukta mbili tatu
kabla haijajisahihisha,
ilisema bado ni jana,
saa tatu kasoro dakika mbili.