Mswaki wa Eleuterio

Karatasi ya kwanza niliiharibu kwa adabu:
nyota moja, nafasi, nyota moja, nafasi,
hadi mama, Hermelinda Ccopa, akainua uso
kutoka kwenye sufu ya alpaka aliyokuwa akiichambua:
"Hizo ni nyota au wanafunzi paredi?"

Hapa Macusani hewa ni kavu, wino hukauka
kwenye nibu kabla haujagusa karatasi.
Kwa hiyo nafanya haraka, na haraka haina baraka,
ila waliosema hivyo sidhani walishika nibu
juu huku, mwezi wa sita.

Ya pili nilianza na mshumaa.
Nikasugua mgongo wake mkavu kwenye karatasi
kufuata mto wa nyota, kingo zake tu,
kisha nikamwaga wino uliozimuliwa.
Nta ikaukataa.
Kila ilipoukataa, pakang'aa.

Nikakata gazeti kwa umbo la mlima, nikaufunika mlima,
maana nyota hazinyeshi juu ya mawe.
Nikatafuta mswaki.

Ulikuwepo mmoja tu usio na mwenyewe,
ndani ya bilauri, nyuzi zimelala upande
kwa namna alivyokuwa akisugua, kwa hasira, kwa mkono wa kushoto.
Mwaka wa pili huu kaka yangu yuko machimboni
akitafuta dhahabu chini ya barafu.
Nikauchovya kwenye rangi nyeupe, nzito kama mtindi,
nikazivuta nyuzi kwa kidole gumba, nikaziachia.

Za karibu: matone manene, machache.
Za mbali: ukungu.
Jaribia kwanza kwenye karatasi ya kutupa,
tone la kwanza lina kiherehere.
Na usilenge. Ukilenga tu, paredi inarudi.

Kilimia peke yake nilikitia kwa ncha ya nibu, punje sita,
kwa kuwa kalenda hii ni ya wapanda viazi
nao watazihesabu.

Mama akaja na taa.
Akaitazama mbingu, akautazama mswaki
mkononi mwangu, muda mrefu kidogo kuliko mbingu.
Kisha akaweka kidole pale peusi kabisa, katikati ya mto,
nilipodhani nimebakiza kazi.
"Hapa pasiguswe. Huyu ni lama.
Shingo hii. Mtoto wake huyu, chini, ananyonya.
Wewe unahangaika na vinavyowaka tu."
Akanyamaza. "Mpe macho."

Nikangoja wino ukauke, yaani sikungoja,
nikakwaruza kwa pembe ya wembe, mara mbili, taratibu.
Weupe ukatoka chini ya usiku,
si rangi, si nta:
karatasi yenyewe, iliyokuwepo muda wote.

Nililala bila kusafisha vyombo.
Asubuhi nikaukuta mswaki kwenye bilauri yake,
umesuuzwa, umekauka,
nyuzi zimelala upande uleule.