Kadi Namba 4417

Mate yangu yalisafiri ndani ya kichupa,
yakarudi na binamu: Chola Kasonde, wa Ndola.
Kasonde? Sisi ni Kasongo, nikamjibu,
tangu kambi ya mgodi, tangu bomba la moshi.

Leo, chumba cha nyaraka, Lubumbashi:
mchwa wamekula tarehe, wameacha picha.
Babu kifua wazi, namba shingoni,
macho yamempita mpiga picha.

Karani alisikia vibaya.
Au babu alijificha
ndani ya sikio lile.

Chini kabisa, dole gumba la wino wa zambarau;
hilo tu aliliandika mwenyewe.
Naweka langu juu yake.
Halienei.

Mama, Jumapili, kwenye misa ya marehemu,
padri nimpe jina gani?