Neno la Mwenye Nyumba

Barua pepe yangu ya kwanza katika ghala la vioo, Bydgoszcz,
niliifungua kwa Witam, nikaweka koma, nikaendelea:
ankara ya Machi, makreti kumi na manne, moja limepasuka.
Neno fupi, safi. Kila mtu wa rika langu
huliandika bila kupepesa.

Jibu lilishuka kwa miguu kutoka ghorofa ya tatu.
Bi Ludwika Sobczyk wa uhasibu, miwani kwenye kamba,
alikuwa ameichapa barua yangu karatasini
na kulizungushia lile neno wino mwekundu.
"Bwana Gniewomir," akasema, "witam ni karibu.
Karibu husemwa na aliye ndani.
Wewe umefika mlangoni kwangu na kreti lililopasuka,
na badala ya kupiga hodi
unanikaribisha kwenye kiti changu mwenyewe?"
Akaiacha karatasi juu ya kibodi.
Akapanda ngazi. Lifti haipendi.

Nikajifunza. Szanowna Pani, Bibi Mheshimiwa,
herufi kubwa kwenye S, herufi kubwa kwenye P,
hata nilipouliza tu kama printa ina wino.
Wenzangu wa mauzo walinicheka.
Kinga humwandikia mkurugenzi hej,
na Olgierd hana salamu kabisa, huanza na "tuma",
kama mtu anayeingilia dirishani.
Mimi nikabaki na Mheshimiwa wangu
naye akanijibu vivyo hivyo, miaka miwili,
Mheshimiwa kwa Mheshimiwa, juu ya senti na makreti.
Wakati mwingine, nakiri, nilibuni swali la bure
ili tu nivuliwe kofia.

Halafu Novemba, Jumanne, saa moja na dakika tano asubuhi,
barua yake, bila kichwa, bila salamu, bila nukta:

leo siji Kazimierz amekufa usiku

Sikuwa nimewahi kulisikia jina la mumewe.
Nikabonyeza Jibu.
Szanowna Pani. Baridi kama bidhaa zetu. Nikafuta.
Droga Pani, Bibi Mpenzi. Nani kanipa ruhusa? Nikafuta.
Ludwika. Jina tupu, limetoka nje bila koti.
Nikafuta upesi, nikageuka kuona kama kuna aliyeona.
Dakika arobaini,
na mahali pale ambapo salamu hukaa
kile kistari chembamba kikatokea, kikapotea, kikatokea,
kidole kinachogonga kioo
na ndani hakuna mtu.
Nikazima kompyuta.

Jioni nikapanda tramu hadi mwisho wa njia
na mkate wa matofaa aliouoka mama,
umefungwa kwa taulo la jikoni kwa sababu hatukuwa na kitu kingine.
Ghorofa ya nne. Lifti mbovu; hapo nikaelewa kuhusu ngazi,
au nikadhani nimeelewa.
Sikuwa na sentensi hata moja.
Nikagonga.

Komeo likasogea. Hakuvaa miwani.
Akanitazama, akautazama mkate,
akalitazama tope la theluji viatuni mwangu,
akarudi nyuma hatua moja kunipisha, akasema,
Witam,

na safari hii neno lilikuwa kwao.