Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Kikao kilifunguliwa saa nne na robo.
Hilo niliandika.
Ajenda ya tano: Rasimu ya Sheria Ndogo ya Vituo vya Umma
vya Kuchajia Vyombo vya Moto vya Umeme.
Mstahiki Meya akakwama hapo:
"Moto au umeme? Tushike lipi?"
Ukumbi ukacheka. Kicheko hakina kolamu.

Sikuandika kwamba nyuma, benchi la wananchi,
alikaa Nyamizi Lushinge wa Isevya,
anayeuza asali mbele na umeme nyuma:
waya wake hutokea dirishani,
hupita juu ya kamba ya kanga,
huzama chini ya turubai
ambako pikipiki sita hulala zikinyonya
kama watoto wa paka.
Luku ikilia usiku huamka yeye,
huingiza tarakimu ishirini kwa mwanga wa simu.
Nusu, buku. Ikijaa, buku jero.
Asiye nacho huacha kofia ngumu.
Ukutani zipo kumi na moja.

Diwani akasoma kifungu cha nane:
mtu yeyote hatauza umeme kwa waya usioidhinishwa.
Cha tisa, faini.
(Vyote viwili nilivichapa mimi,
nikasahihisha na nukta.)
Cha kumi, nguzo nne:
stesheni, stendi, soko kuu, Kitete hospitali.
Isevya haimo. Ng'ambo haimo.

Akanyoosha mkono, akasimama kabla hajaruhusiwa.
"Hizo nguzo zenu, zitakopesha?"

Hakuna aliyejibu.
Mwanasheria alifunua kurasa
kana kwamba jibu limeangukia humo.
Na hapo, wallahi sitii chumvi,
umeme ukakatika:
feni ikapunguza mwendo kama treni inayoingia Tabora,
kipaza sauti kikafa,
na diwani akamalizia kifungu cha kumi na moja,
kile cha upatikanaji wa uhakika,
kwa kupiga kelele.

Nikaandika: *Hoja ya mwananchi ilipokelewa.*

Saa mbili usiku pikipiki yangu ilisoma asilimia nne.
Mshahara ulikuwa bado.
Nikaisukuma kupita stesheni,
pale nguzo ya kwanza itakaposimama
Mungu na bajeti wakipenda,
nikaisukuma mpaka Isevya.

Nyamizi alinitambua. Akanyoosha waya
bila kutaja kikao.
Nikavua kofia yangu, nikatafuta msumari.

Ya kumi na mbili.