Ndoo ya Bluu

Kibaigwa, mwezi wa saba, upepo huamka kabla yetu.
Huleta vumbi la barabara kuu, makapi ya mtama,
karatasi ya andazi la jana,
ukavirundika mlangoni pa kinu
kama mdai aliyewahi asubuhi.
Nami naanza na ufagio.
Mota bado imelala. Ndivyo ninavyotaka.

Vijana hunicheka: Fundi mzima, unafagia?
Lechipya amenibandika jina, Bwana Harusi,
eti nasubiri wageni.
Wacha wacheke. Nafagia kuanzia kwenye mkanda,
narudi kinyumenyume,
namwaga pumba penye mafuta, nazisugua kwa kisigino
mpaka sakafu iseme kwaru,
isiseme tele.
Mafuta ya alizeti hayana kelele.
Yanang'aa tu, yanapendeza,
kama dimbwi linalomwambia mtoto: kanyaga.

Spana kwenye msumari wake. Kumi na saba, kumi na tisa.
Nimechora umbo la kila moja ukutani kwa mkaa;
ikikosekana, ukuta unauliza.
Kamba za magunia, usizione nyembamba,
zinajua kufunga vingi, mguu ukiwemo.
Na ndoo.
Ndoo haikai njiani.

Nitasema, maana miaka sita sijasema.

Ulikuwa mwaka ule alizeti ilipozidi,
foleni ya magunia ikafika hadi kwa muuza mishikaki,
tukakamua usiku na mchana, hakuna aliyefagia.
Nani afagie na pesa inaingia?
Saa saba mchana. Bomba linavuja, nimelikinga
kwa ndoo ya bluu, imejaa nusu.
Mama Matika akaita: Ugali unapoa!
Nikaiweka chini. Pale pale.
Nikasema moyoni, narudi.

Sikurudi upesi. Kulikuwa na mlenda.

Ndahani alikuwa na gunia begani,
gunia limemziba jicho la upande mmoja.
Tulisikia ndoo kwanza,
kisha mkanda ukibadili sauti
kama mtu anayetafuna akakuta jiwe.
Kisha Ndahani, akimwita mama yake.

Vidole vitatu. Mkono wa kulia.

Wakasema, bahati mbaya.
Wengine wakasema hapa pana mkono wa mtu,
wakamtaja jirani mwenye kinu kidogo, anayetuonea wivu.
Nikanyamaza, maana kweli
mkono wa mtu ulikuwepo.
Ulikuwa huu,
wenye ugali vidoleni.

Tajiri akanunua kibao, akakitundika: USALAMA KWANZA.
Msimu uliofuata magunia yakapangwa mbele yake,
likabaki neno KWANZA.
Kwanza nini? Kwanza magunia.
Ndipo nikashika ufagio.
Sikuambiwa na mtu.

Jana Ndahani alikuja kutafuta mashudu ya nguruwe wake.
Mbukwa, akanisalimu, akasimama mlangoni.
Lechipya alikuwa ameacha ufagio umelala kizingitini.
Ndahani aliinama, akauokota kwa kushoto,
akatafuta msumari wake kwa macho,
akautundika.
Akauliza bei. Nikamtajia.
Kisha, kama mtu anayeulizia mvua:
Ile ndoo ya bluu bado mnayo?

Ninayo, nikamjibu.
Sikusema tunayo.

Akaniangalia. Upepo ukaingia, ukatoka,
haukupata cha kubeba.
Naye akatazama sakafu, toka mlango hadi mkanda,
muda mrefu, kama anayesoma barua.
Pamefagiliwa, alisema.
Akalitupia begani gunia lake tupu
akapita katikati,
bila kutazama chini.