Haya

Kisongo, saa kumi na mbili na dakika arobaini.
Mlima Meru umevua ukungu bega moja tu,
nami nimeweka chai juu ya kitabu cha zamu,
jambo lisiloruhusiwa.

"Mnara, Kilo Romeo yuko tayari."
Sauti ya Sifaeli Mbise. Naijua.
Dukani kwa Mama Ndetaulwa tunasalimiana Kimeru,
tunaulizana mvua, bei ya mbolea.
Redioni tunakuwa wageni.

Nikamsomea njia yake:
Seronera, futi elfu kumi,
ukisharuka pinda kulia.
Kibali cha njia. Karatasi ya safari, basi.
Hakikuwa kibali cha kuruka.

Lakini neno lilikuwamo mle, *ukisharuka*,
kama punje ya mchanga ndani ya wali,
na jino la mwenye haraka huikuta hiyo kwanza.

Akajibu: "Haya."

Haya gani, Sifaeli?
Haya nimesikia? Haya nimekubali?
Haya ya mtu aliyechoka kubishana?
Haya twende?

Nikabonyeza: "Subiri, njiani kuna mtu—"
naye sekunde ileile akabonyeza: "Tunaondoka—"
na sauti mbili zikigongana hewani
hazizai sauti ya tatu. Huzaa mluzi.
Nilisikia mluzi. Alisikia mluzi.
Kila mmoja akaujaza alichokitaka.

Kule mwisho wa lami, Lomayani wa ukaguzi
ameiangusha pikipiki, anafukuza mbuzi wanne wa watu,
wa tano kamkumbatia kifuani.

Pangaboi limekwisha kuwa duara la mwanga.
"Kilo Romeo, simama! Simama! Simama!"
Chai ikamwagika juu ya majina ya wiki nzima.

Ikasimama.
Mita ngapi, sitasema.
Lomayani anasema sabini. Mbuzi hawajaulizwa.

Alhamisi wakatusikilizisha kanda.
Nilijisikia nikiwa na haki.
Naye alijisikia akiwa na haki.
Mkaguzi kutoka Dar akairudisha mara nane,
akazima,
akauliza choo kiko wapi.

Sifaeli alinisubiri chini ya ngazi za mnara,
kofia mkononi, haya usoni.
Hiyo niliielewa bila kurudiwa.

Siku hizi neno *kuruka* silitoi ghalani
mpaka niione lami tupu kwa macho yangu.
Kabla ya hapo nasema kuondoka, nasema safari,
nazunguka kama mposaji mlangoni.

Na jana mwanangu Nderimo kaniomba aende Moshi
kwa binamu yake. Nikamwambia sawa,
uende Ijumaa, urudi Jumapili kabla ya giza.

"Haya, mama."

Haya nini? Rudia.

Akatazama dari, akavuta pumzi
kama mtu anayelipishwa faini:
"Niende Jumapili—"